Saikolojia ya mwaka wa kwanza: kilichotupeleka puta si Freud

Muhula ulipokwisha, orodha ya sapu, yaani mtihani wa marudio kwa waliofeli, ya saikolojia ya utangulizi ilikuwa ndefu kuliko ya kozi nyingine yoyote ya mwaka wa kwanza. Ukiwauliza waliokamatwa watakwambia kozi ngumu, Freud, yule daktari wa nadharia za ndoto, haeleweki, lekchara anabana alama. Mimi nilikaa nao darasani, nikabukua nao kwenye vimbweta mpaka taa za uani zikazimwa, na nakataa. Freud walikuwa wanamjua, wengine wakimtaja hata kwenye utani. Alama zilipotelea kwingine: kwenye mahudhurio, kazi zilizochelewa, kazi za kikundi, kunakili bila kusema umetoa wapi, na kumhoji mtu bila ridhaa yake. Yote hayo yalikuwa yameandikwa tangu wiki ya kwanza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Ngamiani, Tanga, nafundisha upande wa Pongwe. Nilikwenda kujiendeleza nikiwa na watoto wawili na makato ya benki kwenye mshahara. Chuo sikitaji, kwa kuwa mengine nitakayoyasema wenyewe wasingeyapenda, na pia kwa sababu kila chuo kina sheria zake. Namba nitakazozitoa ni za kwetu. Za kwako zitafute kwenye mwongozo wa kozi yako, ile karatasi tunayoiita autilaini.

Autilaini yetu ilikuwa na kurasa saba. Stesheneri ya getini walikuwa wanatoza shilingi 100 kwa ukurasa, watu wakapima: mia saba ya karatasi, au chai na chapati? CR, yaani kiongozi wa darasa, akaipiga picha akairusha kwenye grupu la WhatsApp, na kufika jioni ilikuwa imeshazama chini ya salamu na matangazo ya vyumba vya kupanga. Mimi niliitoa nakala kwa ugonjwa wa ualimu tu, sipendi kusoma karatasi kwenye simu. Ndani yake ilisema koswek, yaani kazi za muhula, ni alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Zile 40 zimekatwa vipande vinne vya 10: majaribio mafupi ya kila Jumatatu, testi, zoezi la vitendo, na kazi ya kikundi. Asiyefikisha 16 kati ya 40 haingii kwenye mtihani. Asiyefikisha asilimia 75 ya mahudhurio haingii pia. Kazi ikichelewa, kila siku alama moja inaondoka, na baada ya siku tano haipokelewi.

Namba ambayo watu wanairuka kabisa ni ya krediti. Kozi yetu ilikuwa na krediti 12. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vyetu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo hapo una saa 120. Mihadhara na semina zilikuwa saa tatu kwa wiki, kwa wiki 15 unapata 45. Saa 75 zilizobaki ni zako wewe na daftari lako, yaani saa tano kila wiki, kwa kozi hii peke yake. Nilipopiga hesabu hiyo nilikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba vipindi vyangu vyote viwe vya asubuhi. Nyumbani pia niliionyesha. Ukimwambia mume "nasoma" haoni kitu, anaona mtu amekaa na karatasi. Ukimwandikia saa tano mara kozi tano, anaelewa kwa nini chakula cha jioni kitapikwa na mwingine. Sitasema alifurahi. Alielewa.

Mahudhurio yalianza kama mchezo. Karatasi inapita, mtu anajisainia, anamsainia na shoga yake aliyebaki hosteli. Lekchara wetu, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, hakusema neno. Wiki ya nne akahesabu vichwa kimyakimya, akahesabu saini, akakuta saini zimezidi vichwa kwa zaidi ya kumi. Akafuta karatasi nzima ya siku ile. Hata sisi tuliokuwepo tukakosa. Nilikasirika siku ile, lakini kesho yake watu wenyewe wakaanza kuchungana, na kusainiana kukaisha.

Kilichoniuma zaidi ni kisa cha kijana mmoja wa Lushoto. Babu yake alifariki, yeye akapanda basi Kange alfajiri, akakaa matangani, akarudi baada ya wiki. Testi ilikuwa imepita. Alirudi na majonzi, hakurudi na karatasi. Sheria ilisema mwenye msiba atoe taarifa ndani ya siku tatu za kazi, na alete barua ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa. Mgonjwa alete ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika, kutoka hospitali. Yeye aliona aibu kuomba barua watu wakiwa bado wamekaa jamvini. Namwelewa, hata mimi ningeona haya. Lakini alama 10 zilikwenda. Kwa hiyo nasema wazi: kabla hujapanda basi, tuma ujumbe kwa CR na kwa lekchara, mstari mmoja unatosha. Ukifika kijijini mtume mdogo wako kwa mtendaji, wewe ubaki na wafiwa. Barua ile haimkosei marehemu heshima.

Sasa majaribio ya Jumatatu. Saa nane kamili mchana, maswali machache ya kuchagua, kwa mada ya wiki iliyopita na za nyuma yake. Ukichelewa dakika kumi umeyakosa. Daladala ya kutoka Pongwe haina habari na saikolojia, nikawa naingia darasani vumbi la chaki bado liko mikononi. Darasa likakasirika, CR akatumwa apeleke ombi yafutwe, ibaki testi moja kubwa kama kozi nyingine. Mama yule akacheka. "Subirini tufike kwenye kumbukumbu," akasema, "halafu mje tena na ombi lenu."

Tulipofika kwenye kumbukumbu hakuna aliyerudi na ombi. Mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, kwenye utafiti alioutoa mwaka 1885, alijifanyia majaribio mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, akaacha muda upite, kisha akapima ni kazi kiasi gani anaokoa akizikariri upya. Baada ya saa moja aliokoa chini ya nusu. Baada ya siku moja, kama theluthi. Kutoka hapo upotevu ukapunguza kasi, baada ya mwezi bado alikuwa na kama sehemu moja ya tano. Yaani kinachopotea kinapotea mapema, siku ileile, wakati wewe umeshafunga daftari ukasema nimeelewa. Halafu lekchara akatuletea utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006. Hawa waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakaifunika na kuandika wanachokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojijaribu waliwapita.

Hapo nikaona kwamba sheria za kozi ile hazikuwa ukali wa mtu. Zilikuwa somo lenyewe limegeuzwa ratiba. Kubukua usiku kucha kabla ya testi ni kuteka maji kwa tenga. Unafika nyumbani umelowa na huna kitu. Nikabadili nilivyokuwa nasoma. Nikitoka darasani, ndani ya daladala nafunga daftari na kujiuliza: leo tumesema nini? Nilichokikosa nakiwekea alama. Ijumaa naanza tena bila kufungua. Inachosha kuliko kusoma kwa kupigia mistari rangi ya njano, maana ukipigia mistari unajisikia una akili, na ukijiuliza unajisikia mjinga. Vumilia huo ujinga. Kwenye majaribio ya mwanzo nilikuwa napata nusu; kufika katikati ya muhula nilikuwa sishuki chini ya saba kwa kumi.

Zoezi la vitendo ndilo lililonifunza mengi, na ndilo lililowamaliza wengi. Huko Marekani vyuo vingi humtaka mwanafunzi wa kozi hii awe mshiriki kwenye tafiti kwa saa kadhaa, au aandike kazi mbadala. Kwetu ilikuwa kinyume: sisi ndio tulitoka kutafuta washiriki. Kazi yenyewe ndogo. Unamsomea mtu tarakimu, moja kila sekunde, naye anazirudia kwa mpangilio. Unaanza na nne, unaongeza moja moja mpaka ashindwe. George Miller wa Harvard aliandika mwaka 1956 kwamba wengi huishia kwenye saba, kuzidi au kupungua mbili. Sisi tulitakiwa watu sita, wenye miaka 18 na kuendelea, kila mmoja na fomu ya ridhaa, bila kuandika jina la mtu kwenye matokeo.

Kabla ya kututoa nje lekchara alitumia vipindi viwili kutueleza fomu ile ilitoka wapi. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner walitoa taarifa ya mtoto mchanga waliyempa jina la Albert, ambaye walimfundisha kuogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa nyundo nyuma yake kila alipomgusa. Hofu hiyo hawakuiondoa kabla mtoto hajaondoka. Stanley Milgram, pale chuo kikuu cha Yale miaka ya 1960, aliwaaminisha watu kwamba wanampiga mtu mwingine shoti ya umeme, na kwenye jaribio lake la mwanzo 26 kati ya 40 walikwenda mpaka volti 450 kwa kuwa tu mtu mwenye koti la maabara aliwaambia waendelee. Gereza la kuigiza la Philip Zimbardo, chuo kikuu cha Stanford, mwaka 1971, wanafunzi wengine wakiwa askari na wengine wafungwa, lilipangiwa wiki mbili likafungwa baada ya siku sita kwa jinsi askari walivyowatesa wafungwa. Darasa lilikuwa kimya. Lekchara akasema: "Nyinyi mnakwenda na tarakimu tu, najua. Lakini mtu akikukalia mbele yako amekupa akili yake uichezee."

Nilianza na jirani yetu, bibi mmoja anayekaanga vitumbua asubuhi mbele ya nyumba. Nilikwenda saa nne, wateja wameshapungua, makaa yanafifia, na mjukuu wake anaosha chuma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Vitumbua vimekwisha, njoo kesho."

Nikamweleza: nasoma, nina zoezi, nitakusomea namba unirudishie, hazina maana yoyote, ukichoka unasema basi. Akakubali, akajifuta mikono, akakaa sawa. Nikatoa fomu.

"Na hiyo ya nini?"

"Ya kuonyesha umekubali mwenyewe, bibi. Kwamba sikukulazimisha."

"Si nishakubali? Au hunisadiki?"

"Nakusadiki, bibi. Chuoni ndio wanataka."

"Mimi mara ya mwisho kutia dole gumba kwenye karatasi ilikuwa ya kikoba," akasema. "Na waliokuja kuchukua makochi walikuja nayo mkononi, ileile."

Nikairudisha fomu kwenye mkoba. Nakushauri na wewe ufanye hivyohivyo, usibembeleze. Nilimpigia lekchara palepale, na jibu lilikuwa limeandikwa kwenye autilaini, ukurasa wa tano: asiyetaka au asiyeweza kusaini anasomewa maelezo kwa lugha anayoielewa, anajibu kwa mdomo, na shahidi asiye mwanafunzi anasaini kwamba amesikia. Mjukuu, ambaye ni mtu mzima, akafuta mikono akasaini. Tukaendelea.

Bibi alifika tarakimu tisa. Sikuamini, nikamsomea nyingine tisa, akazirudisha, ila kwa mahadhi: tatu, kituo, tatu, kituo, tatu. Nikamwuliza amejifunzia wapi. "Namba za simu, mwanangu. Wananitumia hela, simu yangu ya tochi, mimi miwani sina. Nazishika." Miller alikuwa ameeleza jambo hilohilo, kwamba kinachohesabika ni mafungu, na tarakimu tatu zikifungwa pamoja huwa fungu moja. Nilikuwa nimelisoma. Kwenye ripoti yangu sehemu ile ndiyo iliyopigiwa tiki kubwa, na mwanafunzi aliyeandika kwa kunakili vitabu hakuwa na kitu cha kufanana nayo.

Sasa walioanguka. Mwalimu mwenzangu mmoja alimaliza zoezi kwa kipindi kimoja: aliwapima wanafunzi wake wa darasa la saba. Kazi safi, jedwali limechorwa kwa rula. Akapewa sifuri. Wote walikuwa chini ya miaka 18, wazazi hawakuulizwa, na mtoto hawezi kumkatalia mwalimu wake. Mwingine alimpima dada wa kazi wa nyumbani kwake, mtu mzima, amesaini kabisa. Lekchara akamwuliza swali moja: "Angekataa, angelala na amani?" Akamwondoa kwenye hesabu. Na kuna waliokaa kwenye kimbweta wakatunga. Hao walijulikana haraka, maana washiriki wao wote sita walikuwa na saba, saba, saba. Watu halisi hawafanani hivyo.

Kuna jambo autilaini haikuliandika nami nalisema kwa mtu wa Tanga mwenzangu. Sisi hatusemi "sitaki" usoni kwa mtu. Shemeji yangu aliniambia "kesho inshallah", kesho yake akawa na safari, keshokutwa kichwa kinamuuma. Hilo ni jibu. Ukimfuata mara ya nne akakubali, umepata heshima yake, ridhaa hujapata. Nilimwacha, nikaenda kwa fundi baiskeli wa mtaa wa pili ambaye alifurahi kupata cha kufanya wakati anasubiri wateja.

Kazi ya kikundi nitaipitia haraka maana bado inanikera. Tulikuwa wanane, tuliofanya kazi watatu. Wengine walituma shilingi elfu moja ya kuchapa na ujumbe: "Jina langu msilisahau." Tukawaandika kwa muhali. Kumbe sheria ilimruhusu lekchara kumnyanyua yeyote katika kikundi na kumwuliza sehemu yoyote, na jibu lake ni alama ya wote. Akamnyanyua mmoja wa wale wa elfu moja, akamwuliza uimarishaji ni nini, yaani kile kinachomfanya mtu arudie tendo. Yule bwana akajibu kwa kumshukuru kwanza lekchara kwa swali zuri. Tulipata nne kwa kumi. Muhula wa pili tuliandikiana tangu mwanzo nani anafanya nini na lini, na tukakubaliana kwamba asiyeleta sehemu yake jina halimo. Aliyenuna alinuna.

Kikundi kingine kiliumia na akili mnemba (AI). Sheria yetu ilikuwa nyepesi: iulize ikufafanulie, isikuandikie, na kila utafiti utakaoutaja uwe umeuona kwa macho yako. Wao waliiachia kazi yote, ikawapa insha tamu yenye marejeo matano ya mtindo wa APA, ule wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, jina, mwaka, jarida, kurasa. Lekchara alitafuta, mawili hayapo duniani. Wakaitwa kwenye kamati ya nidhamu. Kwa faida yako: kujifunza mtindo wa APA kunakula jioni moja tu, jina la ukoo na mwaka ndani ya sentensi, maelezo kamili mwishoni. Usipojifunza jioni hiyo utaikosa alama kila kazi kwa miaka mitatu.

Testi na mtihani havikuuliza "nini maana ya". Viliuliza tukio. Hili nalikumbuka: mama yuko soko la Mgandini, mtoto analilia pipi, mama ananunua, mtoto ananyamaza, eleza nani ameimarishwa na kwa namna gani. Nusu ya darasa waliandika kwamba uimarishaji hasi ni adhabu. Sivyo. Mtoto amepata kitu anachokipenda baada ya kulia, kilio chake kimeimarishwa kwa njia chanya, kesho atalia tena. Mama ameondolewa kelele na macho ya watu baada ya kununua, kwa hiyo kununua kwake kumeimarishwa kwa njia hasi, kesho atanunua tena. Hasi maana yake kitu kimeondolewa, siyo kwamba ni kibaya. Ukilielewa kwa Kiswahili kwanza, ukamweleza mtu wa nyumbani akakuelewa, Kiingereza cha kujibia kitapatikana. Semina zetu tulijadili kwa Kiswahili na lekchara aliruhusu, ila karatasi ya mtihani ni Kiingereza, kwa hiyo kila istilahi niliiandika kwa lugha zote mbili na mfano wangu mwenyewe chini yake.

Mifano ya kwako ina alama kweli. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionyesha kwamba tafiti nyingi za saikolojia zimefanywa kwa watu wa jamii za Magharibi, wengi wao wanafunzi wa vyuo, halafu zikasemwa kana kwamba ni za binadamu wote. Lekchara wetu alilishikilia hilo. Alipenda kutukumbusha kwamba Mary Ainsworth, kabla ya utafiti wake wa Baltimore juu ya mtoto na mama, aliwaangalia akina mama na watoto wao Uganda, vijiji vya karibu na Kampala, katikati ya miaka ya 1950. Kwa hiyo swali likisema "kwa mifano ya mazingira yako", usimletee theluji.

Kuna sheria moja ambayo niliiona ya kitoto nikaja kuishukuru: hakuna kumpachika mtu ugonjwa, na yanayosemwa semina hayatoki. Tulipofika sura ya magonjwa ya akili kila mtu akawa daktari. Jirani ana hiki, mama mkwe ana kile. Mwanafunzi mmoja akauliza moja kwa moja, "Na majini je?" Watu wakacheka. Lekchara hakucheka. Alisema kazi ya kozi hii ni kuuliza maswali yanayoweza kupimwa: amelala saa ngapi, anakula, ilianza lini, kuna nani wa damu yake aliyepata hali hiyo. Mwenye mgonjwa usianze kwa kumtukana mganga wake, maana ukishamtukana hatakusikiliza ukimwambia ampeleke hospitali ya Bombo. Wiki ileile tulisoma msongo na kufiwa, nami nilikuwa na mwaka mmoja tangu nimpoteze baba. Nilitoka nje katikati ya kipindi. Kwenye autilaini palikuwa na mstari unaosema mada fulani zinaweza kumgusa mtu na anaweza kutoka bila kuomba ruhusa, na pameandikwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi ilipo. Nilikwenda. Lekchara mwenyewe hakuwa mshauri wangu na alinieleza hivyo kwa upole; anayekusahihishia mtihani si vizuri awe ndiye unayemlilia.

Mwisho, alama. Sapu kwetu inalipiwa, inafanywa watu wako likizo, na hata ukipata 80 inaandikwa C. Keri, yaani kubeba kozi uliyofeli kwenda mwaka unaofuata, inakula nafasi ya mwaka wa pili. Wiki mbili kabla ya mtihani koswek inabandikwa ubaoni, na hiyo wiki ndiyo ya kufungua macho. Yangu ilibandikwa bila alama za zoezi la vitendo, kwa hiyo nilikuwa na 19 badala ya 27. Hakuna aliyekusudia, mtu alikuwa ananakili majina mengi usiku. Nilikuwa na karatasi yangu iliyosahihishwa na picha yake kwenye simu, nikaandika barua ya aya moja, nikaipeleka idara na nakala, nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Ikarekebishwa kabla ya mtihani. Wenzangu wawili walikuwa na tatizo hilohilo ila karatasi walishazifungia maandazi. Mmoja alibaki na 15, na mlango wa chumba cha mtihani akauona kwa nje.